Punje Iliyojaza Kibaba

Wakili alikuja nyumbani kwetu Portsmouth mwezi wa Machi 2001, faili jembamba kwapani na kinasa sauti mkononi. Baba alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali pumzi zilimkimbia. Kiingereza alikijua, alikuwa amekisema bandarini na kwenye mabasi kwa miaka thelathini na tano. Siku ile alinigeukia akasema, "Mwanangu, Kiingereza kinanimalizia pumzi. Miye nitasema Kiswahili, wewe mwambie." Nikachukua daftari la skuli la mwanangu, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikawa mkalimani wa maradhi ya baba yangu.

Daftari hilo bado ninalo. Imepita miaka zaidi ya ishirini na wino umefifia, lakini kila nikilifungua nasikia sauti yake ikikatika katikati ya neno, na mimi nikimsubiri avute pumzi ndipo niandike.

Nilidhani wakili angeanza na ugonjwa. Alianza na vumbi. Alitaka kujua rangi yake, lilitoka kwenye nini, lilitua wapi, nani alilifagia na kwa kitu gani. Baba alifumba macho. "Mwambie lilikuwa jeupe, siku nyingine buluu, siku nyingine la kahawia. Lilikuwa kama unga unaopepetwa uani asubuhi. Likipita kwenye mwanga wa taa unaliona linacheza. Nje ya mwanga hulioni, lakini unalivuta."

Baba alizaliwa Malindi, Unguja, mwaka 1939. Aliondoka mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, kama walivyoondoka Wazanzibari wengi, na baada ya kutangatanga alifika Portsmouth, ambako walikuwako jamaa waliotangulia. Ulikuwa mji wa meli na kazi za meli. Mwaka 1966 alipata kibarua kwa mkandarasi aliyefunika mabomba na mitungi ya mvuke ndani ya meli ili joto lisipotee. Nyumbani kazi hiyo aliiita kuvisha. "Leo tumevisha chumba kizima cha injini," alikuwa akisema akirudi, na mimi, mtoto, niliwaza mabomba yamevaa kanzu.

Kanzu yenyewe ilikuwa ya asbesto. Unga wake ulikuja kwa magunia. Waliumwaga kwenye pipa, wakautia maji, wakaukanda kwa mikono mpaka ukawa kama udongo wa kukandika ukuta, kisha wakaupaka juu ya bomba. Wenzake wa Kiingereza waliuita kinyesi cha nyani. Vipande vikavu vilikatwa kwa msumeno. Meli ya zamani ikija kutengenezwa, walibomoa kanzu kuukuu kwa nyundo na patasi, humo humo chini kusiko na dirisha, na mafundi umeme na wachomeleaji wakiwa kando yao na kazi zao. Jioni sakafu ilifagiliwa kavu kavu.

Kuna jambo alilositasita kulisema. Siku zake za mwanzo, vijana walifinyanga matonge ya ule unga mbichi wakarushiana, kama watoto wa Kiingereza wanavyorushiana theluji. Baba hakuwa amewahi kuishika theluji. "Mwambie nilicheka," alisema. "Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, ugenini, na watu wamenirushia tonge kama mwenzao. Mwambie nilifurahi." Niliitafsiri sentensi ile macho yangu yakiwa kwenye daftari.

Wakili akauliza nani alifua nguo zake za kazi. Mama, aliyekuwa akiingia na sinia la chai, alisimama mlangoni. "Miye," alisema. "Nilizikung'uta uani kwanza, zisije zikaziba sinki." Wakili aliacha kuandika. Baadaye, mama alipotoka, alinieleza kwa nini. Mwaka 1965 watafiti wawili wa London, Newhouse na Thompson, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa saratani hii hii. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani. Walichofanya ni kuishi na mfanyakazi wa asbesto, kumfulia nguo, au kukaa jirani na kiwanda. Nilihesabu. Ulikuwa ni mwaka mmoja kabla baba hajapewa pipa lake la kwanza.

Na huo haukuwa mwanzo wa kujua. Mwaka 1930 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya Merewether na Price kwamba vumbi la asbesto linatia makovu mapafu ya wafanyakazi, na mwaka 1931 zikatungwa kanuni za kupunguza vumbi viwandani. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake wawili walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma Afrika Kusini, karibu wote wakiwa wameishi au kufanya kazi eneo la machimbo ya asbesto ya buluu. Ile ya kahawia nayo ilichimbwa huko huko. Hata jina lake, amosaiti, limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya machimbo ya asbesto ya Afrika Kusini. Nilipomsomea baba hayo, alitazama mikono yake. "Kumbe tulitoka Afrika pamoja," alisema.

Ugonjwa ulijitokeza majira ya joto ya mwaka 2000. Alianza kusimama katikati ya ngazi. Tukadhani ni uzee, ingawa alikuwa na miaka sitini na moja tu. Hospitali walimtoa maji kifuani, yakarudi. Wakayatoa tena, yakarudi tena. Mwezi wa Oktoba walikata kipande kidogo cha utando unaozunguka pafu, wakakipima, wakatuita. Mesothelioma. Daktari alieleza taratibu kwamba nyuzi za asbesto ni nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, kwamba zikishaingia ndani kabisa mwili hauwezi kuziyeyusha, na kwamba saratani hii hujificha miaka ishirini, thelathini, hata hamsini. Alipozungumza juu ya wakati uliobaki, alihesabu kwa miezi.

Yeye ndiye aliyetwambia kwamba tuna haki ya kudai fidia na kwamba sheria inatupa miaka mitatu tangu siku tuliyojua. Baba hakutaka. Alisema si muungwana kumdai mtu aliyekupa kazi wakati huna kitu. Mama ndiye aliyemgeuza. Alimwambia, "Hukuuza mapafu. Uliuza kazi." Baada ya hapo hakubisha tena.

Kudai fidia, nilijifunza, ni kazi ya kukumbuka. Mgonjwa ndiye anayepaswa kumtaja mwajiri, kuonesha kwamba mwajiri hakumkinga, na kuthibitisha kwamba kutokumkinga huko ndiko kulikomletea maradhi. Wakili aliiandikia ofisi ya kodi kuomba orodha ya waajiri wote wa baba. Ikarudi na majina mawili ya kampuni za kuvisha, kabla ya miaka mingi ya kuendesha mabasi. Ya kwanza alikuwako toka 1966 hadi 1970, ya pili toka 1970 hadi 1974. Zote mbili zilikuwa zimeshafutwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kampuni ikifa, kinachotafutwa ni bima yake. Ile ya kwanza haikuacha alama yoyote. Na kabla ya mwaka 1972 sheria haikumlazimisha mwajiri kukata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake.

Wakili akatoa tangazo kwenye gazeti la mji, akiomba yeyote aliyefanya kazi katika ile kampuni ya pili ajitokeze. Siku ya nne alipiga simu mzee mmoja Mskoti. Alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi siku hizo, na hakuwahi kutupa karatasi. Chini ya kitanda chake lilikuwamo sanduku, na ndani ya sanduku barua ya mwaka 1973 kutoka kwa kampuni ya bima, juu ya mfanyakazi aliyeanguka kutoka ngazini akavunjika mguu. Barua ya mguu wa mtu mwingine ndiyo iliyotufungulia mlango. Sheria ya Uingereza inaruhusu kampuni iliyofutwa irudishwe kwenye daftari la makampuni ili ishitakiwe, na bima yake ilipe. Kwa hiyo kampuni ile ilifufuliwa kwa amri ya mahakama, haina ofisi wala mfanyakazi, ili tu ijibu.

Yule mzee alikuja kumtazama baba. Walikuwa hawajaonana tangu 1974. Walikaa saa nzima wakitaja majina ya wenzao, na mimi niliyaandika yote ukurasa wa nyuma wa daftari. Yalifika kumi na manne. Mbele ya majina tisa, mzee aliniambia niweke msalaba mdogo.

Maelezo ya ushahidi yalipokuwa tayari, nilimsomea baba kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, kabla hajatia saini. Alinisimamisha mahali pamoja tu. Niliandika kwamba vumbi lilikuwa jingi. "Futa jingi," alisema. "Jingi ni neno la mtu anayelalamika. Andika kwamba lilikuwa kila siku." Wakili aliponiona nikifuta alitaka kujua sababu, nikamweleza. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona shahidi aliyerekebisha maelezo yake vizuri zaidi.

Tarehe 11 Desemba 2001 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi iliyobeba jina la Fairchild. Haikuwa kesi yetu, lakini ilikuwa na sura ya kesi yetu: mtu aliyefanya kazi kwa waajiri zaidi ya mmoja, kila mmoja akamwacha avute asbesto. Mahakama ilisema kwamba mdai lazima aoneshe vumbi la nani lililomletea saratani. Sayansi haiwezi kusema hivyo. Kwa hiyo anashindwa kwa huyu na anashindwa kwa yule, ingawa wote wawili wamekosa. Kwa hukumu hiyo madai ya familia nyingi kama yetu yalisimama.

Nilimweleza baba usiku. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Haba na haba hujaza kibaba. Huyu katia, na yule katia. Sasa wanataka niwaoneshe punje?"

Nilimwambia wakili maneno hayo asubuhi yake. Akanijibu kwamba kwa asbestosi, ule ugonjwa wa makovu ya mapafu, mambo ni hivyo hasa: kila vumbi linaongeza, na mahakama humgawia kila mwajiri fungu lake. Lakini mesothelioma si kibaba. Madaktari hawakuweza kusema kama ilianza kwa uzi mmoja, au nyuzi chache, au nyingi. Nilirudi kwa baba na jibu hilo. Alilitafakari, macho juu ya dari, na nikamwona akihesabu pumzi zake kabla ya kuzitumia.

"Basi ni chungu," alisema. "Wapishi wawili, kila mmoja katia sumu kwenye chungu kimoja. Mlaji kafa. Kila mpishi anasema, haikuwa sumu yangu. Na kadhi anawaachia wote waende. Andika hilo."

Niliandika. Ni maneno ya mwisho ya kesi katika daftari.

Alifariki alfajiri ya siku moja ya Februari 2002, mama akimsomea Yasin. Na hapo tukakutana na jambo ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo. Kwetu maiti huzikwa upesi, ikiwezekana siku ile ile. Uingereza, mtu anayekufa kwa maradhi ya kazini lazima habari zake zifikishwe kwa afisa wa serikali anayechunguza vifo, na afisa huyo anaweza kuamuru mwili upasuliwe. Mama alikaa chini sebuleni, mikono mapajani, akasema wakimpasua hatachukua hata senti moja ya fidia. Wazee wa msikitini walikuja. Wakili naye alikuja, akiwa na ripoti ya kile kipande kilichokatwa Oktoba 2000. Alikuwa ameiomba hospitali mapema, bila kutwambia, kwa sababu alijua siku hiyo ingefika. Afisa aliisoma, akasema ushahidi unatosha. Baba hakupasuliwa. Tulimzika siku ya tatu, mvua ikinyesha. Miezi baadaye, katika kikao cha uchunguzi, iliandikwa rasmi kwamba amekufa kwa ugonjwa wa kazi. Mama aliomba nakala ya karatasi hiyo, akaiweka kabatini pamoja na Msahafu.

Tarehe 16 Mei 2002 majaji watano wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, walitengua ile hukumu. Sababu zao zilitoka mwezi uliofuata, tarehe 20 Juni. Walisema kwamba pale ambapo kila mwajiri alikuwa na wajibu wa kumkinga mfanyakazi na hatari hii hii, na kila mmoja akauvunja, na sayansi haiwezi kumtaja aliyeua, inatosha kuonesha kwamba mwajiri aliiongeza hatari. Walitafuta mifano katika sheria za nchi nyingi, hadi za Warumi wa kale. Walizitaja kesi za Kanada na California za wawindaji wawili waliofyatua bunduki kwa wakati mmoja, mtu akajeruhiwa, na isijulikane risasi ya nani. Niliposoma habari za wawindaji hao nilisimama nikaenda jikoni. Mtu wa Malindi aliyeacha skuli akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa amefika pale kabla yao, kwa chungu na wapishi wawili. Alipungukiwa na miezi mitatu ya kusikia kwamba alikuwa na haki.

Dai liliendelea kwa jina la mama, maana sheria inamruhusu mjane kulichukua. Bima ililipa mwaka 2003, wiki mbili kabla ya kusikilizwa. Barua ilisema malipo yanatolewa bila kukubali kosa. Nilimtafsiria mama. "Bila kukubali kosa," alirudia. "Sasa wanalipa nini?" Sikuwa na jibu. Alimaliza deni la nyumba, akachimbisha kisima Unguja kwa nia ya marehemu, na hakulizungumza tena.

Sheria haikutulia. Mwezi wa Mei 2006 majaji wa Malodi waliamua, katika kesi ya Barker, kwamba kila mwajiri alipe fungu lake tu. Kwa familia ambayo mwajiri mmoja amepotea bila bima, kama yule wa kwanza wa baba, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya haki yao imepotea naye. Wagonjwa na vyama vya wafanyakazi walipiga kelele, na Julai mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyomrudishia mdai haki ya kulipwa yote na mwajiri yeyote aliyepatikana. Mwaka 2014 ulianzishwa mfuko unaochangiwa na kampuni za bima, kwa wale ambao mwajiri wala bima yake havionekani tena. Kila hatua kati ya hizo ilipatikana kwa jina la mtu aliyekwisha kufa au aliyekuwa akifa. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Hata hivyo mesothelioma imeendelea kuua huko zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka, kwa sababu ya pumzi zilizovutwa miongo mingi nyuma.

Mama alifariki kwa moyo, na picha zake za kifua zilikuwa safi hadi mwisho. Mimi nami nimekaribia umri wa baba. Nilikuwa nikimkimbilia mlangoni akirudi kazini, nikimkumbatia na nguo zake zile. Naenda kupimwa ninapoambiwa, na siku nyingine sikumbuki kabisa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Dar es Salaam kwa mazishi. Nyuma ya nyumba nilikofikia walikuwa wakibomoa banda la zamani lenye paa la asbesto, yale mabati ya kijivu mazito yenye mawimbi ambayo bado yamo juu ya nyumba, skuli na maghala mengi ya Afrika Mashariki. Vijana wanne walikuwa juu na nyundo, vifua wazi, wanayavunja na kuyatupa chini, na mmoja alikuwa akifagia vipande. Jua lilikuwa linashuka upande wa pili. Nikaliona vumbi linacheza.

Niliwaita washuke. Niliwaambia wasifagie kavu, wayalowanishe kwa maji kwanza, wayateremshe mazima bila kuyavunja, wafunike pua na mdomo, wasirudi na zile nguo kwa watoto wao. Walinisikiliza kwa adabu, kama vijana wanavyomsikiliza bibi wa watu. Mmoja alisema, "Shangazi, mbona wazee wetu wamekaa chini ya haya miaka yote?" Nikamwambia asbesto iliyokaa kimya bila kuvunjwa ina nafuu, inayovunjwa ndiyo inayofuata watu nyumbani. Mkuu wao akaleta ndoo ya maji.

Kabla sijaondoka niliwauliza majina yao, na jina la mwenye kazi, na walilipwa vipi. Walicheka, lakini walinitajia. Niliyaandika yote, pamoja na tarehe na mtaa. Niliporudi nyumbani niliyanakili kwenye lile daftari la skuli, ukurasa unaofuata ule wa majina kumi na manne. Pale penye nafasi ya kueleza vumbi, sikuandika kwamba lilikuwa jingi. Nilikuwa nimewauliza wamefanya kazi hiyo siku ngapi, nikaandika idadi.